Besi ya Celica Nyekundu

Jumatatu, 13 Oktoba 1997

Datsun ya Tobias. Nimetoa bomba la inchi moja na nusu, nimeweka la inchi mbili. Sailensa futi mbili, matundu mia moja na ishirini, ndani nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, paketi nane. Sauti nzito, nzuri.

Daftari hili ni la vipimo tu. Lakini leo mvua imefunga kazi saa nane na nina jambo linalonikera, na sitaki kulipeleka nyumbani kwa sababu mke wangu Mbeti atanicheka.

Nilipowasha ile Datsun vijana wa steji ya matatu walipiga makofi kama kawaida yao. "Besi! Besi!" Hilo ndilo jina langu hapa Kayole tangu mwaka wa tisini na moja, na ndilo lililo kwenye kibao changu: BESI, EKZOSI ZA MAGARI YA MBIO NA YA KAWAIDA. Wazazi waliniita Kimanzi, lakini Spine Road ukimuulizia Kimanzi utaambiwa alihama. Basi Tobias anatabasamu, mimi natabasamu, na Phares, fundi wa pembe ya ukutani, anapita na kikombe chake cha chai. Akasimama, akainamisha kichwa.

"Omera, kona ya pili ya bomba inakohoa," akasema, omera ndiyo "ndugu" ya kwao. Kisha akaenda zake.

Nikazima gari. Nikawasha tena. Kweli inakohoa. Tobias hakuisikia, na mimi nisingeisikia kama nisingeambiwa.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua. Hakuna kazi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Peugeot moja imeingia kwa Phares leo, si kwangu. Ilipita mbele ya kibao changu mchana kweupe ikaenda kuegesha kwenye pembe yake.

Na ile pembe nilimpa mimi. Alikuja Agosti, amepunguzwa kazi kwenye karakana ya treni baada ya miaka kumi na saba, amebeba sanduku la vifaa begani. "Phares Odongo," akajitaja, kama mtu anayeripoti kazini. Nikamhurumia. Nikamwambia chukua pale ukutani, ndugu yangu, riziki anagawa Mungu. Sikudhani Mungu angegawa kwa mkono mrefu hivyo.

Nimemwangalia siku nzima nikijifanya nasafisha mashine. Mimi nikitaka kona, nakata bomba vipande vya mshazari na kuviunga kimoja kimoja kwa kuchomelea. Yeye hakati. Anajaza bomba mchanga, anaugonga mpaka ushikane, anaziba ncha zote mbili kwa vizibo vya mti, analiweka kwenye jiko la mkaa lenye feni, na likiwa jekundu analikunja polepole kama anayemkunja mtoto usingizini. Akimwaga mchanga, kona ni ya mviringo nje na ndani, haina hata mshono. Kanisani kwao anapuliza tarumbeta kubwa, lile la besi linalozunguka mwili. "Upepo hautaki kujikwaa," akaniambia bila mimi kumuuliza.

Mchanga wenyewe anaukausha juu ya bati kila asubuhi na kuufungia ndani ya debe lenye kifuniko. "Huu ukiwa na maji na umeziba pande zote, ni bomu," akasema. "Mvuke hauna mlango. Nilimwona mtu akipoteza taya." Akacheka, halafu akaacha kucheka.

Peugeot ilipotoka sikutaka kuisikiliza. Niliisikiliza mpaka ikapotea Komarock.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kinyanjui amekuja na gari jipya! Celica nyekundu, milango miwili, imekaa chini kiasi kwamba ilibidi tuweke mbao ivuke mtaro. Huyu ni mteja wangu wa miaka sita. Magari yake matatu ya mbio nimeyawekea ekzosi mimi. Ana duka la spea mjini na pesa zake zote anazikimbiza kwenye matope.

"Besi, hii nataka itoe sauti ya tumboni," akasema. "Si makelele. Makelele ni ya watoto. Nataka mtu aisikie na kifua kabla aisikie na masikio. Na Pasaka naingia mbio kubwa. Nabeba fundi mmoja wa ekzosi kwa timu. Mmoja tu."

Miaka sita nimeyangojea maneno hayo. Nimekuwa nikiyatazama magari ya Pasaka nikiwa nimesimama kando ya barabara na vumbi mdomoni, nikimwonyesha Mbeti: sikia hilo, sikia lile. Nikafungua kinywa kusema niko tayari.

Wakati huohuo ile Peugeot ikapita barabarani. Kinyanjui akageuka kabisa, akanipa kisogo.

"Hiyo imefanywa na nani?"

Jumapili, 26 Oktoba

Kanisani. Mahubiri yalikuwa ya Kaini na Abeli. Nilitoka nje kununua njugu.

Jumatano, 29 Oktoba

Kinyanjui amekata shauri. Kila mmoja wetu atamtengenezea ekzosi nzima ya Celica, yangu kwanza, halafu ya Phares. Atakayempendeza ndiye wa Pasaka.

"Hakuna ubaya, sindio?" akasema.

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna kabisa," akasema Phares, akaninyooshea mkono. Nikaushika. Una joto na umekauka, mkono wa mtu anayelala vizuri.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemaliza yangu. Bomba inchi mbili na robo. Sailensa mbili, ya kwanza futi moja na nusu, ya pili futi mbili. Kona tano, kila moja vipande sita. Nimeisugua mishono kwa nje mpaka inang'aa.

Ikiwa imesimama tu inanguruma vizuri, nitasema ukweli, hata mimi nilisisimka. Lakini Kinyanjui alipoikanyaga ilipanda ikawa debe. Debe linaloburutwa kwenye lami. Alirudi akazima, akapigapiga usukani kwa vidole.

"Si mbaya, Besi."

Si mbaya! Miaka sita hajawahi kuniambia si mbaya. Phares alikuwa ameinama juu ya kazi yake na hakusema chochote, na kule kunyamaza kwake kuliniuma zaidi kuliko angecheka. Angalau ningekuwa na la kumjibu.

Jumanne, 11 Novemba

Kijana mmoja wa steji leo kamwita Phares "Besi". Phares akamwambia Besi ni yule pale. Wote wakaangua kicheko.

Jumamosi, 15 Novemba

Mvua hii si ya kawaida. Redio wanaiita Elnino na watu wameshaipa jina hilo kila kitu, hata mtu akichelewa kazini anasema ni Elnino. Mukuru kwa Njenga maji yameingia mpaka kitandani, na ndiko anakokaa Phares. Mbeti alipopata habari hakuniuliza. Nimerudi nyumbani nikamkuta Roseline, mke wa Phares, kwenye kochi langu na mtoto mgongoni, na Phares mwenyewe amepiga magoti jikoni anaziba tundu la sufuria.

"Baba Ndindi, shemeji yangu ni fundi wa kila kitu," Mbeti akaniambia. "Hii sufuria nimekuambia tangu Pasaka."

Nikasema ni kweli, ni fundi.

Tulikula ugali na sukuma wote pamoja. Alipewa kiti changu kwa kuwa ni mgeni. Akasimulia jinsi tarumbeta lilivyomponyoka kwenye daraja la miguu likamfuata mama mboga mpaka chini, na Mbeti akacheka mpaka akashika mbavu. Mke wangu hajawahi kunicheka mimi hivyo, yaani kwa kunifurahia. Naandika haya nikiwa bafuni kwa sababu ndipo mahali pekee nyumbani kwangu ambapo hayupo.

Nina wivu. Basi, nimeliandika. Namwonea wivu masikio yake, na mikono yake, na hata umaskini wake, kwa sababu haumchachushi. Mimi nikikosa kazi siku mbili naongea na watu vibaya. Yeye nyumba yake imejaa maji na anaziba sufuria ya mwenzake.

Alhamisi, 20 Novemba

Wamerudi kwao. Maji yameshuka. Mbeti anasema nyumba imekuwa kimya.

Jumapili, 23 Novemba

Leo nimeiba. Hakuna jina lingine.

Baada ya kanisa nilimwambia Mbeti naenda kuona mteja. Nikaenda kazini peke yangu, nikafungua debe la Phares, nikachota mchanga wake, nikawasha jiko lake na feni yake, nikajaribu kukunja bomba kama anavyokunja yeye. La kwanza lilibonyea katikati kwa sababu sikuugonga mchanga ukashikana. La pili likaja. Si zuri kama yake, lakini mviringo, safi, hakuna mshono! Nilifurahi peke yangu uwanjani, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa.

Halafu nikakaa juu ya ndoo hasira zikanipanda. Miaka yote hii nimekata vipande na kuunga, kukata na kuunga, na jambo lenyewe ni mchanga. Na sikuligundua mimi. Na nisingeweza kumuuliza, kwa sababu mwalimu hamuulizi mwanafunzi, na hapa Kayole mwalimu ni mimi.

Mvua ikaanza ghafla. Nikaficha mabomba yangu chini ya gunia nikakimbia.

Jumatatu, 24 Novemba

Nilisahau kufunika debe.

Nimefika wa kwanza, saa kumi na mbili na nusu. Bati la juu linavuja hapo hapo. Maji hayakusimama, yalikuwa yameshanywewa, mchanga umekuwa mweusi na baridi. Njia ilikuwa moja tu, kumwambia. Lakini kumwambia ni kumwambia pia kwamba nilikuwa namuigiza. Nilikuwa na mchanga mkavu uliobaki ndani ya mabomba yangu ya jana. Nikaumwaga juu ya ule mbichi, nikausawazisha kwa kiganja, nikafunika.

Nilijiambia kwamba akifika atakausha mwingine kama kawaida yake na mambo yataisha hapo. Phares hakuja leo. Mtoto ana homa.

Jumanne, 25 Novemba

Nitaandika yote.

Phares alifika amechelewa, macho mekundu, mtoto hakuwalaza. Kinyanjui alikuwa ameahidi kuja saa nne kuona kona kubwa ya mwisho ikikunjwa, ile inayopita juu ya ekseli. Phares alipandisha mkaa upesi upesi. Hakutandaza bati la kukaushia.

"Ule wa Jumamosi utatosha," akasema. "Ndugu yangu, nijazie hili bomba mimi nishughulike na moto. Leo mikono miwili hainitoshi."

Nikachukua bomba. Nikafungua debe. Kopo la kwanza lilikuwa kavu, na la pili. La tatu mkono wangu uliingia mpaka kwenye kifundo nikasikia baridi.

Hapa nataka kusema kwamba sikufikiri. Nilifikiri sana. Nilifikiri: kona itaharibika mbele ya Kinyanjui. Nilifikiri: kizibo kitachomoka, watu watacheka, Phares ataaibika, na Pasaka itarudi kwangu. Lile neno lake kuhusu taya nalo nilikuwa nalo kichwani. Nililisukuma kando kama unavyosukuma mlango wa chumba usichotaka kuingia. Nikajaza. Nikagonga mchanga ukashikana, kwa nguvu, kazi safi. Nikapigilia vizibo pande zote mbili kwa nyundo, nikampa.

"Asante, omera."

Kinyanjui akafika. Vijana wawili watatu wakasogea. Phares aliweka bomba motoni, akawa anaimba chini kwa chini wimbo wa bendi yao, sehemu ya tarumbeta lake tu, pom, pom. Bomba likaanza kuwa jekundu katikati. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake hatua tatu.

Kisha likaanza kupiga mluzi. Mwembamba, kule kwenye kizibo. Mtu mwingine yeyote angeruka nyuma. Phares aliacha kuimba, akainamisha kichwa, akasogeza sikio lake la kushoto karibu na bomba alisikilize.

Ndivyo alivyo. Kila kitu kikitoa sauti, yeye hukiinamia.

"PHARES!" Sijui kama nilikuwa nimeamua kupiga kelele. Nilimshika koti nikamvuta kwa nguvu zangu zote na tulianguka pamoja. Bomba lilipasuka kama radi ndani ya sufuria. Kizibo kilitoboa bati la ukuta, na mchanga wa moto ukamwagika hewani ukamshukia begani na shingoni. Alikuwa amelala juu yangu ameshika sikio na damu inapita katikati ya vidole. Kinyanjui alituweka kwenye Celica akamkimbiza hospitali, ile ekzosi yangu ya debe ikipiga kelele njia nzima.

Jumatano, 26 Novemba

Yu hai. Bega limeungua. Sikio la kushoto anasikia kengele tu.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimekuwa shujaa. Vijana wa steji wamenibeba juu juu. "Besi ameokoa msee! Noma sana!" Mama mboga kanipa ndizi bure. Mbeti ananitazama mezani namna ambayo hajanitazama tangu tuoane, na usiku wa jana aliniombea dua kwa sauti akimshukuru Mungu kwa mume aliyempa. Nililala kifudifudi.

Nilikwenda kumwona Phares. Akanishika mkono kwa mkono wake mzima.

"Ni kosa langu," akasema. Anaongea kwa sauti kubwa sasa, hajisikii. "Nilifunika debe vibaya Jumamosi, na mvua hii! Miaka kumi na saba kwenye karakana na ninafanya kosa la mtoto. Kama si wewe, Roseline angekuwa mjane."

Roseline alilia. Nikala chapati yao.

Jumatatu, 1 Desemba

Kinyanjui kasema Pasaka ni yangu. Si kwamba ekzosi yangu imempendeza. Phares ndiye aliyemwambia. Alimpigia simu kutoka kibanda cha simu, amebandika sikio zima, akamwambia: "Chukua Kimanzi. Fundi anaweza kupatikana. Mtu wa kukuvuta kutoka motoni hapatikani."

Hata wema amenishinda. Nilikipata nilichokitaka na kikaja mkononi kwangu kikiwa na alama za vidole vyake. Nilimchukia leo kuliko siku zote, kisha nikajichukia mimi, kisha nikamchukia tena.

Ijumaa, 5 Desemba

Mvua. Sina hamu ya kushika chuma.

Jumanne, 9 Desemba

Phares alirudi leo, bandeji begani, kichwa amekigeuza upande ili akusikie kwa sikio la kulia. Alikaa kwenye ndoo akaanza kuzisafisha kona zake tatu alizokwisha kuzikunja. Uwanja ulikuwa mtupu, mvua imefukuza kila mtu. Nikakaa mbele yake.

"Phares, ule mchanga niliujua."

"Nini?"

Ilibidi niseme tena kwa sauti. Jambo kama hilo kulipigia kelele! Nikamwambia yote: Jumapili, mabomba yangu chini ya gunia, kifuniko, ule mkavu niliomwaga juu. Alisikiliza bila kunitazama, anasugua kona kwa kitambaa. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Ulijua ni mbichi kabla ya kupigilia kizibo, au baada?"

Ningeweza kusema baada.

"Kabla."

Kitambaa kikasimama. Akaiweka kona chini.

"Na uliponivuta," akasema, "ulinihurumia mimi au ulijihurumia wewe?"

"Sijui, Phares."

"Angalau hapo hujanidanganya." Akasimama. Akatembea mpaka ukutani, akaweka kidole kwenye tundu lililotobolewa na kizibo, akarudi. "Unajua kwa nini nilikuomba wewe ujaze? Nilikuwa nimechoka, ndiyo. Lakini pia nilikuona unavyoniangalia tangu Oktoba. Nikasema huyu anataka kujifunza na anaona haya. Nimwingize kwenye kazi polepole."

Nililia. Sikujificha.

"Nimekusamehe," akasema, "kwa sababu naamini ni lazima nisamehe, na nikikataa itanila mimi. Lakini mgongo wangu sikupi tena, Kimanzi. Na Kinyanjui utamwambia mwenyewe au hutamwambia. Mimi nimeshakusemea mara moja, inatosha."

Ni mara ya kwanza kuniita Kimanzi uso kwa uso.

Alhamisi, 11 Desemba

Bega halimruhusu kukunja, kwa hiyo ile kona ya mwisho ya Celica nimeikunja mimi. Yeye ndiye alitaka hivyo. Alisimama nyuma ya ukuta wa mawe wa jirani akichungulia kwa jicho moja, akitoa maelekezo.

Nilikausha mchanga mara tatu. Mara ya tatu ulikuwa unachoma vidole na bado sikuuamini. Nikamwomba aje auguse.

"Sigusi," akasema. "Kama ni mkavu, ni mkavu. Wewe ndiye utakayekuwa karibu nao."

Nikajaza. Nikapigilia. Bomba lilipoanza kuwa jekundu jasho lilikuwa linaingia machoni, na nilijua sasa alivyokuwa amesimama pale Novemba bila kujua. "Taratibu. Usilivute, lisindikize. Simama hapo. Sasa," akawa anasema kutoka nyuma ya ukuta. Kona ilikuja. Nilipomwaga mchanga nikaingiza vidole ndani, hakuna hata kasoro.

Nikamwonyesha kwa mbali. Akatikisa kichwa kukubali, akaondoka kwenda kubadilishiwa bandeji.

Jumamosi, 13 Desemba

Bomba inchi mbili, si na robo. Kona nne, zote za kukunja. Sailensa moja tu ndefu, futi tatu na nusu, Phares aliipima kwa kuvuma ndani yake.

Kinyanjui aliwasha. Haikunguruma, iliguna, kama mzee anayekubaliana na jambo. Nilihisi kwenye mbavu. Akaikanyaga, na badala ya kupanda ikazidi kushuka, ikajaza uwanja, na mabati yote ya vibanda vya mafundi wa jua kali yakawa yanatetemeka kidogo. Vijana hawakupiga makofi. Kinyanjui alikuwa anacheka peke yake ndani ya gari.

Alishuka akaikagua kona ya nyuma kwa tochi. "Besi, hii mkono wako, sindio? Naona namna umechomelea pale mwisho. Buda, umefika! Nilijua sijakosea."

Phares alikuwa ameinama, anafunga kiatu ambacho kilikuwa kimefungwa.

Ni neno moja tu lilihitajika. Kona ilikuwa yangu kweli, isingekuwa hata uongo. Na nitaandika hapa kwamba hata dakika ile wivu haukuniacha. Niliisikia sauti ile tumboni nikatamani iwe yangu mpaka nikaumwa.

"Kona nimekunja mimi," nikasema. "Sauti ni ya Phares. Na lile bomba lililolipuka nililijaza mimi, mchanga mbichi, nikijua."

Kinyanjui alizima tochi. Alinitazama, akamtazama Phares.

"Wewe," Kinyanjui akasema polepole. "Ulitaka kuua mtu juu ya ekzosi?"

Alizunguka gari akaenda upande wa sikio zima la Phares. "Mzee Phares. Pasaka una shughuli?"

Jumapili, 14 Desemba

Nimemwambia Mbeti. Hajacheka.

Jumatatu, 22 Desemba

Phares amehama. Kinyanjui amempa nafasi Industrial Area, chini ya paa lisilovuja. Alipakia sanduku, jiko, feni na debe kwenye mkokoteni. Alinipa mkono, una joto na umekauka kama siku ile.

"Kaa salama, Kimanzi."

"Nenda salama, ndugu yangu."

Tukasimama. Nilidhani ana la kuongeza. Kisha nikaelewa kwamba alikuwa anangoja nigeuke mimi kwanza. Nikageuka.

Ijumaa, 2 Januari 1998

Pikapu ya Abdinoor. Bomba inchi mbili. Kona tatu, za kukunja, mchanga nimekausha mara tatu. Sailensa futi tatu.

Mvua bado. Uwanja wote ni wangu sasa, pembe zote nne, kama nilivyotaka tangu Oktoba. Nilipowasha vijana wa steji walipiga makofi. Yaliyotokea wameshayasahau, au hayakuwahusu. "Besi! Besi!"

Abdinoor akauliza, "Iko sawa, fundi?"

Nikainama, nikasogeza sikio. Kulikuwa na kitu ndani, katikati, kidogo sana. Nikazima nikawasha tena. Nikageuka kutazama ukutani, kwenye pembe iliyokuwa ya Phares, halafu nikamwambia Abdinoor iko sawa, akanilipa akaenda. Haikuwa sawa, na sijui kasoro iko wapi.